Macho Yasiyochorwa

Kila mkesha wa Krismasi, mtaa wa wachoraji huwasha kandili milangoni, na kila mgeni apitaye huongeza mstari mmoja wa rangi kwenye picha ya nyumba ile. Msiba si udhuru. Mwaka huu Mzee Yoeli aliitoa picha ya mwisho aliyoichora marehemu mwanawe Zefania: sura ya mama mzazi wa kijana huyo, isiyo na macho bado. Wageni walipokaribia, aliificha brashi mgongoni.

"Baba Zefania, umetuita kutazama tu?" jirani alimtania. "Mila ni mila."

"Mkono wa mwanangu ndio wa mwisho hapa."

Ndipo mkewe, mwenye sura ile, akatoka ndani, akamfungua vidole kimoja kimoja. Akaichovya brashi katika rangi nyeusi, akainua mkono hadi mahali pa macho. Wageni wakavua kofia. Tone likaning'inia nchani mwa brashi, lisianguke.