Chai ya Mwajuma

Haya ni kweli tupu, na anayebisha apande mwenyewe milima ya juu ya Mlali akaulize, ila aanze mapema na avae viatu vya maana. Wanawake wa kitongoji kizima walishuka bondeni kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa ajili ya kikombe cha chai ambacho hakijawahi kuwapo.

Aliyewashusha ni Mwajuma, dada mkubwa wa mmoja wao, Pili. Mwajuma alikuwa mwongo wa kupendwa. Aliwahi kuapa kwamba asubuhi moja ukungu ulishuka mzito hadi akautundikia kanga zake, na zikakauka.

Kabla yake ni mmoja tu aliyethubutu kwenda. Jirani yao mmoja, Zawadi, alikwenda kupimwa, akaambiwa ugonjwa upo, na mavuno yalimkuta kaburini. Mlima mzima ukatoa hukumu: vyuma vya hospitali ndivyo vilivyouamsha ugonjwa. Waume wakakataza, mabibi wakakataza, na wajomba, ambao kwa Waluguru neno lao lina uzito kuliko la mume, wakapigilia msumari.

Ndipo siku moja Mwajuma akapanda kutoka bondeni, akajitupa kwenye kigoda cha Pili, na kuanza, mbele ya Issa, mume wa Pili.

"Nimetoka kupimwa. Wamenipaka siki huko chini kama kachumbari. Nikapitiwa na usingizi, nikaota navuna njegere. Naamka, nesi ananiuliza, mama, chai yako tuweke sukari vijiko vingapi."

"Na ugonjwa?" Pili aliuliza.

"Ugonjwa gani? Nimetoka safi kama sahani ya mgeni."

Issa alikohoa. "Shemeji, huko mke wa mtu anachunguliwa na nani?"

"Na mwanamke mwenzake. Kwani wewe ulidhani wamekuajiri?"

Issa akacheka, na mwanamume akishacheka hana tena nguvu ya kukataza.

Hadithi ikazunguka mlima, kila jiko likiiongezea chumvi yake. Wanawake wakaanza kushuka, wawili leo, wanne siku ya gulio. Walirudi wazima, wakamjia juu Mwajuma: chai iko wapi?

"Mmechelewa," aliwajibu. "Sukari imepanda bei."

Zamu ya Pili ilipofika, nesi Judith wa kituo cha afya alimpaka siki kweli, akamkuta na kidoa cheupe kwenye mlango wa kizazi. Akakichoma palepale, akamwambia amewahi, na kwamba angekaa miaka wangekuwa wanazungumza mengine. Pili alivaa kanga yake.

"Dada yangu Mwajuma ndiye aliyetutuma," alisema. "Alikuja hapa kabla yetu sote, sivyo?"

Judith aliinamia vyombo vyake, akavipanga upya. "Mimi sisemi habari za mtu, mama. Hata zako sitazisema."

Pili alipanda mlima na jibu hilo likimkereketa. Nesi anamficha mwongo. Pale hakuna chai, wala kitanda cha mtu kulala akaota njegere. Na katika wanawake wote wa kitongoji, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Mwajuma kwenye benchi la kusubiri pale kituoni. Dada yake hakukanyaga pale.

Alimkuta ameketi mlangoni, anamenya ndizi. Siku hizi Mwajuma alikuwa mtu wa kukaa. Alisema jembe lake limezeeka, limeomba kupumzika.

"Dada, hukwenda."

"Wapi?"

"Kupimwa. Hakuna mtu anayesinzia pale. Umetudanganya wote."

Mwajuma aliweka kisu chini. "Kwanza niambie, wewe wamekukuta na nini?"

"Kidoa. Wamekichoma. Wamesema nimewahi."

Mwajuma akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Pili alijua anachekwa. Kanga iliposhuka, kweli dada yake alikuwa anatabasamu, ingawa macho yalikuwa yamelowa.

"Basi umenikamata," alisema. "Nitakulipa faini ya jogoo."

"Sitaki jogoo. Utalipa kwa kushuka na mimi kesho ukapimwe. Mama yetu alikufa kwa tumbo, na mpaka leo hatujui lilikuwa tumbo gani. Sikubali nikuzike na wewe kwa ubishi."

Mwajuma aliutazama moshi wa majiko ya jirani.

"Nitashuka," alisema. "Ila wenzio wasijue. Wakijua nilidanganya, waliobaki hawatakwenda."

Kesho yake njia iliwachukua asubuhi nzima. Kila kona Mwajuma alisimama na kisingizio chake. Pale alitaka kuitazama Mzumbe ilivyo kwa mbali. Pale aliuegemea mgomba, akausalimia kama mkwe wake.

"Unanichelewesha makusudi," Pili alimkemea. "Unaogopa tu."

"Naogopa sana, mdogo wangu," alisema Mwajuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza neno.

Walipofika kituoni Pili alimshika mkono kama mtu aliyekamata mwizi wa mbuzi, akampitisha mbele ya benchi hadi kwa Judith. Maneno alikuwa ameyaandaa njiani: nesi, nimekuletea mkaidi wa mwisho.

Hakuwahi kuyatamka. Judith alikuwa ameshanyanyuka. Aliushika mkono mwingine wa Mwajuma, akamkalisha kitini taratibu, kwa upande mmoja, bila kumuuliza wapi panauma.

"Shikamoo, mama," alisema. "Heri hatimaye umemwambia mdogo wako. Ile dawa ya maumivu niliyokupa imekwisha tayari?"