Waya wa Friji

Friji ilikuwa nzima, inanguruma vizuri na soda zake ndani, Isidra alipoichomoa ukutani na kuukata waya wake kwa kisu cha jikoni. Aliukatia karibu kabisa na mgongo wa friji ili aupate mrefu. Nahúm angewaka moto akiiona, hilo alilijua. Lakini Nahúm angerudi na basi la jioni, na kabla ya basi hilo grinda ilipaswa kuwa inafanya kazi. Mengine yangesubiri.

Nahúm, mumewe, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kila alfajiri aliondoka na zana zake zote, hata nyundo hakuiacha. Grinda yake ya kukatia vyuma ndiyo pekee iliyobaki nyumbani, kwa kuwa aliihesabu maiti. Waya wake ulichakaa pale unapoingia kwenye mpini, ganda likapasuka, shaba ikawa nje, na juzijuzi ulimpiga shoti mpaka akaitupa mashine uvunguni kwa matusi.

Isidra hakuwa na bisibisi. Alizifungua skrubu za mpini kwa ncha ya kisu, akaziweka ndani ya kikombe zisipotee. Enzi za uchumba alikuwa akimshikia Nahúm taa wakati wa kazi, na macho hayana pazia. Alijua kwamba mpira wa shingoni huvishwa kwenye waya mpya kwanza. Ukiusahau, utafunga kila kitu kisha utafungua kila kitu. Akauvisha. Vidole vilikwenda vyenyewe, kama vya mtu mwingine.

"Hodi! Hilo duka lina mtu au lina mizimu?"

Alikuwa Ercilia, mwongoza sala za misiba, amesimama na kapu lake nje ya nondo za dirisha la duka. Maduka yote ya mtaa ule yaliuza hivyo. Wezi walikwisha wafunza watu adabu: pesa inaingia katikati ya nondo, bidhaa inatoka katikati ya nondo, na mteja anabaki barabarani.

"Karibu, mama Ercilia."

"Nipe mishumaa na kahawa. Na soda ya baridi, mwanangu, jua limenikausha koo."

"Soda ni za moto. Friji imeharibika."

"Makubwa! Matajiri nao friji zinawafia? Basi nipe ule mfuko wa mahindi."

"Haupiti hapa. Njoo jioni Nahúm akiwepo."

"Jioni!" Ercilia aliuweka mkono kiunoni. "Jioni nitakuwa kwa mama yako, naongoza sala ya siku ya tisa. Au hilo nalo limeharibika kichwani mwako?"

"Sijasahau."

"Leo tunavunja altare, Isidra. Roho inaaga. Isipokuona leo, haikuoni tena. Tamale za unga wa mahindi zinachemka tangu asubuhi, majirani wamejaa uani, hata yule kiwete wa kinu cha mahindi amekuja. Mtoto wa marehemu yuko wapi? Anauza mishumaa."

Isidra alimpa mishumaa. Ercilia aliipokea lakini hakuondoka.

"Mazishini hukuonekana. Sala zote hukuonekana. Masikini Nahúm ndiye aliyebeba jeneza, analia kama yeye ndiye mfiwa, anakuombea radhi kwa kila mtu. 'Mke wangu kakataa kuliacha duka,' anasema. 'Nimembembeleza, hataki.' Tulimhurumia, mwenzangu. Mume kama yule unampata wapi?"

"Alisema hivyo?"

"Kwa kinywa chake, mbele ya padri."

Isidra alitafuta hasira moyoni mwake, hakuiona. Akatafuta machozi, nayo pia hakuyaona. Mlikuwa na ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu. Akaihesabu chenji, akaipitisha.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema Ercilia akiitia chenji kifuani. "Mwana mwenyewe hajui kitu. Nyumba ya mama yako hiyo hapo nyuma ya shule, sauti za sala utazisikia kutoka hapo ulipo. Nani amekushika mguu?"

"Nina kazi ya kumaliza."

Ercilia alichungulia. Aliiona grinda juu ya meza, matumbo nje, na waya mweupe wa friji ukining'inia.

"Hiyo ndiyo kazi? Mashine ya mumeo?" Akacheka bila furaha. "Haya, mridhishe mumeo. Mama hazaliwi mara mbili."

Akaenda zake na kapu lake.

Isidra alirudi mezani. Aliumenya waya, akaukata ule wa kijani ambao grinda haikuuhitaji, akazisokota nyuzi za shaba za zile nyaya mbili zilizobaki na kuzikaza chini ya skrubu zake. Akauvuta waya kwa nguvu kuujaribu. Haukucheza. Akaufunga mpini, akachomeka, akabonyeza swichi.

Grinda ikalia kwa sauti kubwa. Akaizima upesi.

Jua lilikuwa limeanza kuinama, basi lilikuwa bado, na nyuma ya shule walikuwa wameanza. Sauti ya Ercilia ilitangulia, na za wengine zikafuata chini chini, zikimtaja mama yake kwa jina lake lote. Isidra alisikiliza mpaka mwisho wa sala ya kwanza. Kisha akanawa mikono, akavua aproni, akajifunga kitambaa cheusi kichwani.

Alipiga magoti mlangoni mwa duka, akageuza uso pembeni, akalikandamiza jiwe la grinda kwenye mnyororo ambao Nahúm huuzungushia nondo za mlango kila alfajiri, kabla ya kuondoka na ufunguo mfukoni.