Masikio ya Kashata

Zama hizo, mzee akiwa kiziwi hakupewa kifaa cha kuvaa. Aliazimwa masikio ya paka. Bi Zamoyoni aliletewa Kashata, paka wa madoa, na kila alichokisikia Kashata kilimfikia Bibi kichwani: mchwa wakitafuna mwimo wa mlango, panya wachanga wakilialia darini, hata mvua ikiwa bado mtaa wa pili. Bibi alifurahi usiseme! Ila masikio ya paka huzunguka yapendavyo, kila moja na upande wake, na soga za binadamu hayana habari nazo.

Mumewe, Mzee Mbwana, ndiye aliyegundua dawa. Akitaka kuzungumza, alishika dagaa. Masikio yote mawili yalimgeukia, na Bi Zamoyoni akamsikia kama siku za uchumba.

Asubuhi moja wakinywa chai, Mzee alianza habari za shamba, akasahau dagaa. Hata hivyo alisikika wazi. Bi Zamoyoni akacheka.

"Baba Hidaya, leo Kashata kakupenda bure!"

Lakini masikio ya Kashata hayakuelekea mdomoni. Yalikuwa yamekikazania kifua cha Mzee, na chini ya maneno yake Bi Zamoyoni akasikia mlio mwembamba, kama wa kifaranga aliyefunikwa tengani.

"U mzima, mume wangu?"

"Mzima kama chuma."

Bi Zamoyoni akaokota dagaa sahanini, akamsogezea Kashata mpaka puani.

Masikio hayakugeuka.