Zamu ya Marehemu

Ujumbe wa binti wa Mzee Kombo ulikuwa mfupi: baba yake, aliyekuwa akicheza sataranji na Rukia kwa simu, hatua moja kwa siku, alizikwa jana. Rukia, fundi cherehani, akaweka mkasi chini. Kwa kuwa hakujua afanye nini, akasogeza kete moja mbele. Jibu likaja papo hapo.

Simu nusura imponyoke.

"Si umesema amefariki?" mumewe akauliza, akichungulia simu.

"Aliacha majibu. Mchezo wa simu unaruhusu. Ukijua huenda usiwepo, unaagiza mapema: akicheza vile, simu imjibu hivi."

"Basi alikujua, mke wangu."

Alimjua kweli. Rukia akacheza tena, akajibiwa. Akacheza tena, akajibiwa. Ndipo akaona pa kumpeleka farasi: hatua ya ushindi, ambayo mwaka jana asingeiona hata kwa miwani. Hii Mzee hakuitarajia, akawaza. Nikiicheza, atanyamaza.

Akamwacha farasi. Akarudia kosa lake la zamani, lile ambalo Mzee hakuchoka kulikanya kwenye ujumbe: "Mwanangu, malkia hatumwi peke yake!" Akamtuma malkia peke yake.

Akangoja. Pasi ya mkaa ikapoa. Mumewe akaita chakula, akaita tena, kisha akaacha kuita.

Hakuna jibu.

Taratibu, mkono mdomoni, Rukia akaelewa. Kosa lile Mzee hakulitarajia tena kwake. Alikuwa amemsubiri farasi.

Kwenye kioo cha simu, saa ya zamu ya marehemu ikaendelea kuhesabu.