Kikombe cha Baba

Niliporudi kutoka kazini umeme ulikuwa umekatika, na pampu ya tangi langu la matumbawe ilikuwa kimya. Maji yakisimama, matumbawe hukosa hewa na kufa.

Asubuhi Baba alikuwa amefoka, "Binti, hayo mawe yako yanakula umeme kuliko sisi. Kesho yatoke!"

Sasa nilimkuta ameketi kwenye stuli, mkono wa shati umelowa hadi kiwikoni. Alikuwa akichota maji ya tangi kwa kikombe chake na kuyamimina tena kutoka juu, taratibu.

"Nikupokee, Baba."

"Shhh, utayashtua. Lione lile la kijani linavyofungua vidole."

Vidole vyembamba kama uzi vilichomoza, kimoja kimoja, vikicheza.

Umeme ukarudi. Pampu ikanguruma.

Baba akachota kikombe kingine.