Somo la Pili la Mwajabu

Mwajabu alipomwambia baba yake kwamba chuoni, pamoja na uhasibu, amechagua kusoma sosholojia kama somo la pili, Mzee Shomvi aliendelea kumenya muhogo kana kwamba hakusikia.

"Ni elimu ya jamii, baba. Namna watu wanavyoishi."

"Wanavyoishi!" Alicheka kwa pua. "Watu wa elimu hiyo si ndio hao walioletwa na wakubwa, hata matanga ya mama yako hatujaanua? Wakaniuliza nina kuku wangapi. Wakanywa chai, wakaenda zao, na hospitali mpaka leo haina mkunga. Unataka ukawe mmoja wao?"

"Walikuuliza mama alikufaje?"

"Nani aniulize? Kuku ndio waliowahusu."

Mwajabu akavuta kigoda, akaketi mbele yake. "Basi nakuuliza mimi. Nikishindwa kuuliza hata humu ndani, kesho naenda kulifuta hilo somo. Siku ile mama alikuwa wapi?"

Kisu kikasimama. Mzee akakiweka chini. Kisha akainuka, akaenda kuketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha.

"Barazani, pale hospitali," alisema. "Hakukuwa na kitanda. Alikaa hivi, na mimi nilikuwa kushoto kwake, nimemshika mkono."

Akaunyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu, akauacha pale sakafuni, wazi.