Kamba ya Majimoto

Mjane alipofika shambani, mdogo wa marehemu mumewe alikuwa ameshapiga dawa mwembe wa kwanza. Majani yalikuwa yakidondosha sumu.

"Nimekupunguzia kazi, shemeji," alisema, akitua bomba la dawa kutoka mgongoni. "Nzi wa matunda kwisha, na haya majimoto nayo kwisha. Hutaumwa tena."

Mjane akamshukuru. Tangu mazishi alikuwa akishukuru kila mtu, kwa mdomo tu.

Chini ya mti, majimoto, wale chungu wekundu wakali, walikuwa wamelala miguu juu. Mumewe aliwafuga wawinde nzi badala ya dawa. Alifunga kamba kutoka mwembe hadi mwembe ili wapite, watu wakamcheka: mtu mzima na ndevu zake anawajengea wadudu daraja!

Na sasa walikuwa wakipita. Walitoka mwembe wa pili, ambao ulikuwa haujapigwa dawa, wakafuata kamba kwa msururu, wakakanyaga majani yenye sumu, wakaanguka. Wa nyuma wakazidi kuja.

"Wanajileta wenyewe!" shemeji akacheka. "Nijaze bomba?"

Mjane alichomoa kisu cha kuchumia, akashika fundo la kamba kwenye mwembe wa kwanza. Lilikuwa fundo la mumewe, la kurudia mara mbili, kama alivyofunga hata viatu vya wanawe. Majimoto wakampanda mpaka kwapani.

"Shemeji, wanakuuma!"

"Wanauma?" aliuliza, akakata.

Kamba ikarudi ikaning'inia kwenye mwembe wa pili, imejaa wadudu walioing'ang'ania. Fundo lilibaki kiganjani mwake.